Mtambo wa Salfa Utafungwa

4 Machi

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Salamu zitangulie, hoja zifuate. Huo ndio utaratibu, nami siuvunji hata pale mambo yanaponikaba koo. Sisi huku hatujambo. Mkazamjomba wako anakusalimu sana, goti lake limetulia, na amenituma niulize iwapo bado unakula ukiwa umesimama. Mimi mwenyewe afya ninayo, ukiondoa kichwa kinachoniuma kila nipitapo kituo cha mafuta.

Ninakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu unayoifahamu: maneno ya simu hayana nukta wala mkato, na aliyeyasema anaweza kuyakana.

Sasa ninaingia katika kiini. Tangu kile kiwanda kingine cha kusafisha mafuta cha jimbo letu kifunge milango, bei ya petroli imekuwa ikipanda kama mtu aliyesahau kitu darini. Jana ubao wa kituo ulibadilishwa asubuhi, na kabla sijamaliza mzunguko wangu wa mikate ukabadilishwa tena. Dereva mwenzangu, yule tumwitaye Breki kwa kuwa hajawahi kuonekana akiikanyaga, alimwambia mhudumu: "Dada, pokea hela kabla hujapanda tena hiyo ngazi." Naye akamjibu: "Toa haraka, kaka, miguu yangu imeshazoea." Foleni nzima ilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Mwenye tanuri ametuita sote. Amesema bila kuzunguka kwamba gari likiendelea kunywa kuliko linavyobeba, ataliegesha na kuuzia mikate dirishani. Mpwa wangu, usukani wa gari hilo nimeushika tangu ulipokuwa ukikaa kiti cha mbele na miguu yako haifiki chini. Nikishushwa humo sijui nitajitambulisha kwa watu kuwa ni nani.

Kwa hiyo ninakuuliza wewe uliyemo ndani ya kiwanda pekee kilichobaki jimboni: je, chenu kiko salama? Nijibu kwa ufasaha. Katika barua yako iliyopita uliandika "nita kuja" kwa kutenganisha. Hilo ni neno moja. Sikukulea utenganishe maneno.

Ni mimi,
Mjomba wako

*

15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumaini goti la mkazamjomba linaendelea kukaa kwa amani, na kwamba kichwa chako kimepata njia isiyopita kituoni. Mwambie siku hizi ninakula nimekaa, ila si hadi mwisho wa sahani. Mimi ni mzima, mikono tu ndiyo inayonuka grisi hata baada ya sabuni mbili.

Nitakuja, neno moja, zamu zitakaporuhusu.

Kuhusu kiwanda, huku kila kichwa kina habari yake. Baadhi ya wenzetu wa kile kiwanda kilichofungwa wamehamia kwetu, wanalala vitanda vya juu na chini katika nyumba za wafanyakazi, na ukiwauliza kilichotokea wanatazama viatu vyao. Habari ya uhakika ninayo moja tu. Ule mtambo wa salfa niliokueleza siku ya harusi ya dada utafungwa kabla ya mwaka kwisha. Mkuu wa zamu ametutangazia kwa kinywa chake. Kwanza ofisi ya vibali itasikiliza maoni ya wananchi, kisha kazi itaanza. Nami nimechaguliwa katika kikosi cha kuufunga. Nina hofu, Mjomba, na nina hamu pia. Sijui nikueleze vipi.

Gari la zamu linapiga honi, naishia hapa. Mlaumu dereva, si mimi.

Mpwa wako

*

22 Machi

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Sisi tu wazima, na tunakuombea uzima mara mbili ya kawaida.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nikiwa nimekaa, na maana haikubadilika. Wanaufunga mtambo. Tena wamekuweka wewe katika kikosi cha kuufunga, yaani wamekutia mkononi kufuli ya riziki yako mwenyewe. Ile "hamu" uliyoitaja nimeielewa kuwa ni uchungu uliokosa jina, na sikulaumu. Kuhusu maelezo uliyonipa siku ya harusi, ninakiri kwamba wakati ule nilikuwa nikihakiki viti vya kukodi, nikiwa katibu wa kamati, na huenda nilitikisa kichwa bila kusikia.

Lakini usivunjike moyo. Mjomba wako si mtu wa kutazama. Mwalimu wangu alikuwa ile kamusi isiyo na jalada, nayo haijawahi kuniangusha. Nimeandika waraka kwa ofisi ya vibali, na ninakunukulia sehemu yake ili upate nguvu:

"YAH: KUPINGA KUFUNGWA KWA MTAMBO WA SALFA. Sisi tuliotia saini hapa chini, tukiwa madereva, wenye maduka na walaji wa mikate, kwa heshima na taadhima na bila kumung'unya neno, tunapinga kufungwa kwa mtambo tajwa leo, kesho na siku zote. Tunaiomba ofisi yako tukufu ihakikishe kwamba kiwanda kinaendelea kutoa petroli, kwani bila petroli mkate hautembei, na mkate usiotembea hulala."

Mwenye tanuri aliniruhusu kuuweka waraka kando ya dirisha la mauzo, na hakuna aliyeondoka na mkate pasipo kutia saini. Breki alisaini kwa herufi kubwa kiasi cha kumnyima nafasi aliyemfuata. Mkazamjomba wako aliniuliza, "Hiyo salfa ni kitu gani?" Nikamjibu kwamba ni kitu cha lazima. Akasaini.

Waraka umeshapelekwa kwa rejesta. Sasa lala usingizi.

Mjomba wako

*

30 Aprili

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Ninakusalimu bila kujua salamu zitakukuta wapi. Sisi hatujambo kwa mwili.

Tangu nikuarifu habari za waraka, sijapata neno lako. Nimejiuliza kama barua ilipotea, kisha nikajiuliza jambo baya zaidi: kwamba wakubwa wako wamegundua kuwa mwandishi ni mjomba wako, wakakuadhibu. Mkazamjomba wako anasema nina mazoea ya kujiona mtu mkubwa hata katika mabaya. Anasema hivyo, lakini naye kila ikisikika baiskeli ya posta anatoka nje na ufagio kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Gari la mikate sasa linatoka siku moja na kupumzika siku inayofuata. Siku ya mapumziko ninasukuma mkokoteni hadi maduka ya karibu. Wateja wananiuliza, "Katibu, leo umeshuka cheo?" Ninawajibu kwamba ninafanya ukaguzi wa barabara kwa miguu.

Hata ukiniandikia mstari mmoja wenye makosa, sitausahihisha.

Mjomba wako

*

3 Mei

Mjomba, shikamoo. Mkazamjomba pia, shikamoo yake.

Ninyi hamjambo, nami sijambo, wala sikuadhibiwa. Tulipelekwa mafunzoni ghafla, mahali ambapo simu zilikusanywa langoni, na barua zako mbili nimezikuta zikinisubiri pamoja. Nimekupigia simu tangu jana. Inaelekea umeizima kama kawaida yako.

Mjomba, tafadhali kaa kwanza. Mkazamjomba akae karibu nawe.

Mtambo wa salfa haujakuwepo bado. Umo kwenye makasha, unasubiri kibali. Niliposema utafungwa, nilisema kama fundi anavyofunga taa darini au feni ukutani. Sisi mafundi tunaita hivyo, na hata wewe unaita hivyo. Nilipokuwa darasa la nne uliliandikia shirika la umeme barua yenye kichwa "Ombi la Kufungiwa Umeme", akaja mtu na koleo la kukatia nyaya, akazunguka nyumba nzima akitafuta cha kukata. Ulimpa chai ukanisimulia kwamba watu hawajui lugha.

Sheria ya mafuta imebadilika. Petroli yenye salfa nyingi haitaruhusiwa kuuzwa tena, na mitambo yetu ya zamani haiwezi kuiondoa. Kile kiwanda kingine kilikosa fedha za mtambo kama huu, ndiyo maana kikafa. Kwa hiyo ni hivi: mtambo ukifungwa, kiwanda hakifungwi. Usipofungwa, kiwanda kinafungwa.

Na katika ofisi ya vibali pingamizi ni moja tu. Lina saini za mtaa mzima na limeandikwa vizuri mno. Mkuu wa zamu alitusomea nakala yake kantini, akasema, "Huyu ni mwanasheria, hapana shaka, tena wa kulipwa ghali." Nilijua ungependa kulisikia hilo hata katika hali hii. Mimi niliinamia sahani yangu.

Kikao cha kusikiliza maoni ni tarehe 20. Kibali kikikataliwa, wenye kiwanda watayapeleka makasha kwenye kiwanda chao cha ng'ambo, na sisi wa kikosi tumeshaulizwa kwa maandishi kama tuko tayari kuyafuata. Wengine watarudi makwao. Nimepewa hadi katikati ya Juni kujibu. Sitaki kwenda, Mjomba. Huko nitakula nimesimama na hakuna atakayeuliza.

Sikukasirikii. Nilikasirika jana, leo nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama nina homa. Lakini fanya kitu.

Mpwa wako

*

8 Mei

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Salamu zetu ni zile zile, ila zimeinama.

Baada ya kusoma barua yako niliifungua kamusi. Neno "funga" limepewa karibu safu nzima. Mlango hufungwa, mzigo hufungwa, mtu hufungwa jela, goli hufungwa, na mtambo nao upo, umekaa chini kabisa ya safu kwa adabu zake. Kamusi haikunificha kitu. Mimi ndiye niliyekwenda moja kwa moja kwenye maana ninayoiogopa.

Nimeandika waraka wa kutengua waraka. Wa kwanza ulikuwa na kurasa tatu. Wa pili nilijitahidi kuufupisha ukafika nne. Nilipomsomea mkazamjomba wako, alisikiliza hadi mwisho akasema, "Mume wangu, sasa hata mimi nimeanza kupinga." Isitoshe, jambo kama hili halifai kuachiwa posta. Nimeamua kwenda mwenyewe.

Nilidhani watu watanicheka, na walinicheka kweli. Breki alikaa chini kwenye ngazi za tanuri akashika mbavu. "Katibu," akasema, "yaani umetusainisha tuombe njaa kwa herufi kubwa." Kisha akaenda kwenye pikipiki yake, akanyonya petroli kwa mpira, akanipa ndani ya chupa. Mwenye tanuri ametoa gari. Kuanzia juzi waliosaini wanapita mmoja mmoja, huyu na kopo, huyu na kidumu, wanamimina katika tangi wakinitazama usoni bila kusema neno. Petroli ilivyo adimu sasa, mtu akikupa kikombe amekupa kitu. Heri wangenitukana.

Usijibu ile karatasi ya ng'ambo.

Mjomba wako

*

21 Mei

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Tumerudi salama, sote tu wazima, na Breki hakuendesha. Hilo lilikuwa sharti langu.

Ninakueleza kama ilivyokuwa, bila kupamba. Ukumbi ulikuwa umejaa, viti vya plastiki hadi mlangoni, feni moja inazunguka na moja inatazama. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mama mmoja mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, na upande wa kulia walikaa watu wa kiwanda chenu wakiwa na tai na jasho. Aliposoma waraka wangu kwa sauti, nilitambua kwamba umeandikwa vizuri sana, na moyo ukazidi kuniuma.

Akauliza, "Mwandishi yupo?"

Nikasimama. Hotuba nilikuwa nayo mfukoni. Niliitoa, nikatazama sentensi ya kwanza, na sikuona inapoishia. Nikairudisha.

"Mzee, unapinga mtambo huu?"

"Sipingi, mheshimiwa."

"Hapa umeandika unapinga leo, kesho na siku zote."

"Niliandika hivyo, mheshimiwa. Nilidhani mnaufunga, kumbe mnaufunga."

Mpwa wangu, kalamu ya karani wa kikao ilisimama. Kisha mtu mmoja wa nyuma akaanza, na ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alishusha miwani akaniambia, "Rudia polepole, karani anaandika."

Ndipo nikatafuta maneno mafupi, nami si mzoefu wa kuyatafuta. Nikasema, "Nilidhani mnaufunga kwa kufuli, kumbe mnaufunga kwa bolti. Kwa kufuli tunapinga. Kwa bolti tunaomba."

Breki akadakia kutoka mlangoni: "Na mkaze vizuri."

"Wewe ni nani?" mwenyekiti akamuuliza.

"Saini kubwa ya tatu, mama."

Aliutazama waraka, akaiona, na hapo ndipo mdomo wake ulipocheza. Akataka kujua kama wengine waliosaini wanakubaliana nami. Waliokuja ndani ya gari la mikate walisimama wote, mashati yao yana unga, kwa kuwa sikupata muda wa kufuta sakafu. Mkazamjomba wako alisimama mbele yao. Akasema, "Tulisaini ili petroli iwepo. Salfa hatukuijua, na huyu aliyetuambia hakuijua pia."

Mwenyekiti akasema, "Nilikuwa na mashaka. Kichwa cha barua kinapinga na kiwiliwili kinaomba. Nilidhani ni hila ya kisheria." Akaniita mezani, nikaandika kwa mkono wangu chini ya ule waraka kwamba pingamizi limeondolewa. Ni maneno machache kuliko yote niliyowahi kuyaandika kwa ofisi. Uamuzi alisema utatoka baadaye.

Tulipitia langoni kwenu. Mlinzi alisema zamu yako haijatoka na kwamba hata angekuwa mama yake mzazi asingemwita. Nimekuachia mikate mfuko mzima. Ukipata pungufu, nijulishe nimwandikie.

Mjomba wako

*

4 Juni

Mjomba, shikamoo. Mkazamjomba, shikamoo na asante.

Natumaini mmepumzika, na kwamba Breki mmemrudishia petroli yake. Mimi ni mzima, tena mzima wa kweli, si ule wa kwenye barua.

Kibali kimetoka leo. Mkuu wa zamu alikuja na karatasi, akapanda juu ya benchi la kantini ingawa ni marufuku, akasoma. Wale wenzetu wa kile kiwanda kingine, wanaotazama viatu, mmoja wao alitoka nje akakaa kwenye ukingo wa maua. Nilimfuata kumuuliza kama anaumwa. Akaniambia, "Sina kitu, dada. Nilikuwa sijafungua begi langu tangu nije. Leo ninaenda kulifungua."

Karatasi ya ng'ambo nimeirudisha tupu. Sikuwa nimeijibu.

Nimemwambia mkuu wa zamu kuwa mwanasheria ni mjomba wangu. Akauliza kama huwa unapatikana. Nimemwambia hapana. Kasha la kwanza lililofunguliwa mtu ameliandikia kwa chaki: KWA BOLTI, SI KWA KUFULI. Sijui ni nani, lakini mwandiko si wangu, na "kwa bolti" ameitenganisha sawasawa.

Mikate ilifika. Mmoja haukufika. Tafadhali usimwandikie mlinzi, ana watoto, na tena alikiri kabla sijamuuliza. Alisema harufu ndiyo iliyomponza.

Mpwa wako

*

17 Agosti

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Salamu zinatangulia zikiwa zimesimama wima. Goti la mkazamjomba wako limesahauliwa hata na mwenyewe.

Ninapenda kukuarifu kwamba bei ya petroli haijashuka kama tulivyotamani, lakini imeacha kupanda. Ubao wa kituo umekaa bila kuguswa muda mrefu kiasi kwamba buibui amefunga utando kwenye pembe yake. Utaona neno lile limerudi tena. Nimejaribu kulikwepa, ila buibui hana neno jingine. Yule dada wa kituoni anasema ngazi ameirudisha stoo. Breki anamwambia asiikopeshe mtu.

Gari la mikate linatoka kila siku. Mwenye tanuri hasemi tena habari za dirishani. Mkokoteni nimeurudisha kwa mwenyewe, na wateja wananipongeza kwa kupandishwa cheo. Leo, nilipokuwa kwenye mteremko wa sokoni, nilitazama kiti cha mbele, nikaona nimeweka kreti mahali pako. Sikujua niliiweka lini. Nimeihamishia nyuma.

Kamati ya mtaa imeniomba niandike barua ya kuomba maji. Nimeandika: "Tunaomba maji yaje." Wamelalamika kwamba ni fupi. Nimewaambia inatosha.

Kazi yenu itakapokamilika niandikie kwa uwazi. Sema ni kwa bolti au ni kwa kufuli. Sitaki kukisia.

Mjomba wako

*

12 Novemba

Mjomba, shikamoo. Mkazamjomba, shikamoo. Mimi ni mzima.

Mtambo umefungwa. Bolti ya mwisho nimeikaza mimi, na mkuu wa zamu akaijaribu kwa spana yake, haikusogea.

Nitakuja Jumamosi. Acha kiti cha mbele wazi.

Hadi hapo, tafadhali, usimwandikie mtu yeyote.

Mpwa wako